Baba Ananiita Mama

Ijumaa, Kasongo. Mvua tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuliko mbingu.

Leo nilipanga kumwambia baba kwamba nimepata nafasi ya kusomea uuguzi kule Kindu.

Unajua kwa nini naogopa. Mimi ni somo wa bibi, mama yake baba. Nilizaliwa wiki ileile aliyofariki, nikapewa jina lake, Zaina. Kwetu jina haliji peke yake. Baba ananiita mama, baba wadogo wananiita mama, na hili duka linaitwa langu. Bibi alilianza kwa chumvi aliyoibeba kichwani kutoka Nyangwe. Vitani liliporwa mara mbili, akalianza upya mara mbili.

Nakiri: utotoni nilifaidi. Firigisi ya kuku ilikuwa yangu. Baba wadogo walipotaka kuligawa duka, mimi msichana wa miaka kumi na miwili nilisimama nikasema, "Hakuna mutu wa kugawa butiki yangu!" Wakanywea wote. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tangu nimalize sekondari, miaka minne sasa, nasimama nyuma ya meza ileile nikipima sukari na kukata sabuni. Nikiumwa, duka halifunguliwi. Wateja wanasema bila Zaina hakuna baraka. Nimeichoka baraka hiyo! Nachukia hata harufu ya sabuni.

Baada ya sala nilimwambia baba. Hakufoka. Angefoka ningefurahi, maana ningepata la kumjibu. Alivua kofia, akaketi juu ya gunia la chumvi, mtu mzima wa miaka sitini, machozi yakamtoka.

"Mama, ulishaniacha mara moja. Ukienda tena, miye nitabakia na nani?"

Nikamshika kichwa. Maneno yakanitoka yenyewe: "Nyamaza, mwanangu. Siendi."

Hakuna aliyenilazimisha.

Akajifuta uso, akanishukuru kwa mikono miwili, akarudi kupanga viberiti. Mimi nikaingia chumbani nikauma mto nisisikike.

Usajili unafungwa Jumatatu. Nina kesho na keshokutwa tu za kumtazama usoni na kumwambia neno ambalo sijawahi kumwambia maishani: baba, mimi ni mtoto wako.