Breki za Kona ya Kwanza

Jumapili, 1 Agosti 1971

Leo breki zimenigomea. Mzunguko wa nne, uwanja wa ndege wa zamani — nakanyaga, kanyagio gumu kama ubao, gari linaendelea na safari yake kama vile sijasema kitu. Nimeishia kwenye majani makavu, ng'ombe wawili wakinitazama. Moshi kwenye magurudumu ya mbele. Harufu ya nywele zilizoungua. Mke wangu Mwaisha hakupiga kelele. Alikuja taratibu, akaniuliza kama nimemaliza, maana nyumbani kuna wageni wa chakula cha mchana.

Akida, mnunuzi wa pamba, mwenye Peugeot 404 na sauti ya mkutano wa hadhara, amewatangazia watu kwamba kigari changu chekundu kinafaa kuwapelekea wagonjwa maua. Nimemjibu kwamba lake ni kabati la nguo lililofungwa magurudumu. Pande zote zimecheka. Siku njema, ukiacha breki.

Jumapili ijayo ni mwisho wa mashindano. Mimi na yeye.

Jumatatu, 2 Agosti

Fundi Herman amefungua magurudumu. Pedi zimekuwa nyeusi, zinang'aa kama kioo. Joto limezimaliza.

Herman ana dawa: akate mpira wa breki za lori, aupigilie ribiti. "Mzee Hatibu, lori la tani saba linasimama mteremko wa Sekenke. Hiki kigari kitashindwaje?" Nimemwambia lori halisimami Sekenke kwa breki, linashuka kwa gia, na yeye ndiye aliyenisimulia hivyo. Akasema alinisimulia lori jingine. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Herman hakubali kushindwa hata akiwa amelala. Nampenda kwa hilo.

Mimi nimeshaamua. Mjiolojia aliyeniuzia gari hili, mgodi wa Geita ulipofungwa, aliniachia boksi la pedi ngumu za mashindano. Halijawahi kufunguliwa. Nimesoma magazeti yote ya magari niliyo nayo, mengine mara mbili: pedi hizi haziogopi moto. Kadiri zinavyopata joto ndivyo zinavyokamata. Za kawaida Herman ataagiza Mwanza ziwe akiba, ili anyamaze.

Jioni nimelitetea hili kwenye benchi la kahawa. Nimesema pedi ya kawaida ni kama karani: asubuhi hodari, ikifika saa sita kachoka. Watu wameshika mbavu. Karani wa halmashauri hakucheka. Akida amesema ya kwake ni ya kawaida na atanipita nayo. Tumekubaliana mbele ya wote: atakayeshindwa asimame benchini aseme "nilikosea", kwa sauti.

Mwaisha amesema neno hilo hajawahi kulisikia katika nyumba hii tangu aolewe. Siku ya kulisikia atakuja na mkeka.

Jumatano, 4 Agosti

Pedi ngumu zimefungwa. Tumezijaribu barabara ya Kishapu, Herman pembeni yangu. Nakanyaga mara ya kwanza — hakuna kitu! Mbele mkokoteni wa pamba, maksai wametulia kabisa. Nimepita nje ya barabara, Herman akiwataja watakatifu wa siku zote za juma. Mwenye mkokoteni kanipungia mkono. Amedhani nasalimia.

Nikakanyaga tena, na tena, na tena. Zikapata moto. Basi hapo! Gari linasimama kana kwamba limeshikwa shati kwa nyuma. Nimecheka peke yangu mpaka Herman akaniangalia vibaya. Kumbe kazi ni kuzipasha tu. Nani alisema kuna tatizo?

Herman alisema. Anasema hajasahau maksai.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimetoka msikitini, nimemkuta Ngassa mlangoni mwa duka. Ndiye kiongozi wa ngoma. Wiki nzima anapanga shughuli ya Jumapili. Mavuno yamekwisha, watu wana nafasi, watatoka mpaka Mhunze. Vikundi viwili vya ngoma: kimoja upande wangu, kimoja upande wa Akida. Tutakimbia raundi tatu, na kabla ya kila raundi vikundi vicheze kwenye lami yenyewe mpaka bendera inyanyuliwe.

Nikamuuliza kuhusu kamba ya kuwazuia watu. Akasema, "Kamba ni ya ng'ombe, Baba Mwamvua. Kwetu anayecheza vizuri ndiye anayefuatwa. Wakikupenda watakusogelea." Watakaa wapi? nikauliza. Kona ya kwanza, akasema. Hapo ndipo gari langu linapokwenda upande, wanalipenda hapo.

Nilifurahi kama bwana harusi. Nikamnunulia soda. Ameshaondoka ndipo nikaketi.

Kona ya kwanza. Pedi baridi. Ngoma nusu saa kabla ya kila raundi — zitakuwa baridi kila mara! Yale magazeti yangu yote yanazungumzia watu wanaozunguka bila kupumzika, na watazamaji waliokaa kwenye viti. Mimi, niliyewatukana kwa barua zangu za magazetini wanaoiga mambo ya Ulaya bila kutazama miguu yao ilipo!

Nimemfuata Ngassa kwa baiskeli. Nimemwomba mzunguko mmoja wa kupasha breki kabla ya kila raundi. Akasema nitazungukia wapi, juu ya wachezaji? Nikamwomba apunguze ngoma. Akacheka kwa huruma: "Bila ngoma nani atakuja kuangalia magari?" Watu wake atawasihi wakae mbali. Hakuahidi kwamba watasikia.

Jumamosi, 7 Agosti

Pedi za kawaida zimefika kwa basi la Mwanza. Zitakamata kona ya kwanza. Zitachoka mzunguko wa nne, itabidi niendeshe kama bibi arusi, na Akida atashinda.

Nimemweleza Mwaisha.

"Zipi zinasimama mwanzo?" — Za kawaida.

"Zipi zinashinda?" — Ngumu.

"Sasa unaniuliza nini, Baba Mwamvua?"

Nimemwambia simuulizi, namweleza. Raundi moja ya pedi ngumu haiwezi kuua mtu, nitapunguza mapema. Akasema haya. Yeye na binti yetu Mwamvua na majirani wameshachagua mahali pa kukaa. Sikuuliza wapi. Nilijua.

Jumapili, 8 Agosti

Naandika juu ya boneti. Raundi ya kwanza imekwisha. Nimeshinda — kwa mbali. Mzunguko wa nne breki za Akida zilikuwa zinaungua, mimi nakata kona kama kisu.

Lakini ile kona ya kwanza. Nilipunguza mapema na bado gari halikusikia. Nilikwenda mpaka ukingo wa lami. Watu wakarudi nyuma mbio, wakicheka, wengine wakianguka juu ya wengine. Mwaisha amebaki na ndala moja, anacheka na yeye. Wamedhani nimefanya makusudi. Na sasa wamesogea! Mikeka iko kwenye lami. Ngassa anawasukuma upande huu, wanajaa upande ule. Wanaimba jina la gari langu.

Nimepiga jeki. Herman amekunja mikono: "Ukizivua hizi tumeshindwa, mzee. Mimi simo." Basi nimefungua mwenyewe. Gurudumu la kulia tayari lina pedi za kawaida. Gurudumu la kushoto nimelitoa, liko chini, ila pedi ngumu bado zina moto, zimenichoma vidole viwili. Nangoja zipoe. Zinapoa haraka mno, hilo ndilo tatizo lao.

Ngoma zinapungua. Akida amekuja, mikono nyuma, benchi zima la kahawa limemfuata.

"Hatibu, umeshinda. Unafungua nini?"

"Gurudumu."

Amechungulia. Ameona boksi la Mwanza. Ameelewa, na meno yote yametoka nje.

"Na hizo ni pedi gani?"

Wote wananisubiri niseme lile neno la benchini. Nina majibu saba, yote mazuri. Mwenye bendera amesimama. Nimemwambia Akida aache maswali, anishikie lile gurudumu.

Amelishika.