Alama Yako Kwenye Mizinga

Baba,

Shikamoo. Ulikuwa na haraka ya kuitikia marahaba kabla mtu hajamaliza kusalimu. Leo nimesalimu na kimya ndicho kilichoitikia. Ninastahili.

Tangu tukuzike, masika yamepita mara moja. Mama hajambo, anakaa kwa dada kule Cheyo. Mimi niko Urambo, karani wa wakata miti wa bwana mmoja anayefungua shamba la tumbaku. Nashinda na viatu kutwa nzima.

Msitu anaoukata ni ule wetu, baba. Ule ulimonitembeza nikiwa mdogo, ukinikemea, "Polepole, hatukimbilii treni!" Mbugani tulijibanza tukawatazama palahala wakinywa maji, dume lao jeusi likitukodolea macho. Kwenye kichuguu ulinionyesha alipochimba kakakuona. Kwenye mninga wenye tundu ukanibeba mabegani nimwone komba, amelala, kajifunika uso kwa mkia. Nikacheka. Ukaniziba mdomo kwa kiganja chako kinachonuka moshi na nta.

Harufu hiyo ndiyo niliyokuja kuionea haya nilipoingia shule ya misheni. Ulipotaka kunifundisha kurina asali, nilisema nina masomo. Hata huyu bwana nilimwambia baba yangu alikuwa mwalimu wa dini.

Juma lililopita aliiona mizinga yako ya nyuki juu ya mninga ule wa komba. Unajua desturi: mti wenye mzinga haukatwi mpaka mwenye alama iliyochongwa mzingani aitwe, aushushe. Akanyoosha kidole kwenye mikato mitatu ya panga na mmoja uliokingama. "Ya nani hii?" Wakataji wote ni wenyeji, wote wanaijua. Wakanitazama mimi.

Nikasema, "Mwenyewe simjui."

Mti ukaangushwa. Mizinga ikapasuka, asali ikachuruzika mchangani, nyuki wakazunguka hawana pa kutua. Komba akatoka tunduni na mtoto kamng'ang'ania tumboni, mchana kweupe, akakimbia huku, akarudi, hajui aende wapi. Nami nimesimama na daftari langu. Mzee Kasanda, mkataji uliyezoea kurina naye, aliinama kati ya vipande. Aliokota kipande cha mzinga chenye alama yako akakiweka pembeni, shoka lisikiguse. Baba, sijawahi kujichukia kama siku ile.

Imebaki miti ya kando ya kijito, na mizinga yako saba. Jumatatu wanaanza huko. Kesho asubuhi, wakataji wakiwa wamekusanyika, nitamwambia bwana kwamba nilisema uongo, kwamba alama ni yako, na kwamba naomba siku za kuishusha mizinga na kuihamisha. Huenda akanifukuza kazi. Na anifukuze.

Mzee Kasanda amekubali kunifundisha kuwafukiza nyuki moshi, kazi niliyokataa kujifunza kwako. Hakunicheka. Heri angenicheka.

Kwaheri, baba. Kesho nitavua viatu, nitapanda mtini. Lakini kwanza nitalitaja jina lako, kwa sauti, wote wasikie.

Mwanao