Koti Jeupe Gizani

Jumatatu, 4 Machi

Wamemkamata Ancízar, mwoka mikate wa mtaani kwetu. Eti ndiye aliyemsukuma Shangazi Edelmira na kumpora mkoba juzi alfajiri, akienda misa. Mkono wa shangazi umevunjika. Ushahidi? Picha ya kamera ya duka la dawa. Kamera tuliyouza sisi, dukani ninakofanya kazi!

Kaka yangu Duván anayo kwenye simu. Mtu, uso, koti jeupe. Shangazi anasema, nani mwingine Manizales nzima hutembea na koti jeupe saa zile? Nimemwogesha, nikamsuka nywele. Analia akidhani sisikii. Huyu ndiye aliyetulea mimi na Duván tangu mama alipofariki.

Jumanne, 5 Machi

Luz Dary, mke wa Ancízar, kaja dukani. Mikate mkononi, kama mtu anayekuja kumjulia hali mgonjwa.

“Dada Yamile, si wewe unayezipima hizi kamera? Niambie tu, ile picha ni ya kuaminika?”

Nikamkumbusha kwamba aliyeumizwa ni shangazi yangu.

“Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako.”

Akaacha mikate, akaenda. Nimeshindwa kuila. Nimeshindwa kuitupa.

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Nimeziba madirisha ya stoo kwa vitambaa vyeusi. Nikafunga kamera ya aina ileile ukutani. Don Fabio, mwenye duka, akasimama mlangoni: “Unatafuta balaa, binti? Tumewaambia wateja inaona gizani kama paka!” Basi tumwone huyo paka, nikamwambia. Nilidhani atanifukuza. Akaingia, akashika swichi ya taa mwenyewe.

Duván kitini, katoka kanisani, msalaba wa majivu mweusi tii kwenye paji la uso. Tukapunguza mwanga — picha kwenye skrini chengachenga tupu. Tukapunguza tena — kamera ikaanza kuzifuta chenga, na uso nao ukafutika pamoja nazo, laini kama donge la unga. Msalaba haupo! Akigeuza kichwa anaacha ukungu nyuma yake.

Don Fabio alitazama sana. “Hata mama mzazi asingemjua huyu,” akasema. Hakutania tena.

Ijumaa, 8 Machi

Leo giza kabisa. Hapo kamera huwasha taa yake ambayo jicho la mtu haliioni. Duván kavaa koti lake la mvua, jeusi. Kwenye picha — jeupe! Jeupe pe!

Alicheka. Halafu akaacha kucheka. “Kwa hiyo, dada, yule wa duka la dawa anaweza kuwa mtu yeyote?”

Yeyote. Hata Ancízar, sikatai. Ila picha haijui.

Nimemwambia shangazi tukiwa mezani. Moto! “Damu yangu mwenyewe inanigeuka! Mimi uso wake niliuona!”

“Ulimwona gizani kule, shangazi?”

“Nilimwona kwenye picha!”

Kisha kijiko kikabaki hewani. Hakumaliza supu.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi kaja dukani mwenyewe! Kwa teksi, mkono umening'inizwa shingoni, shali begani. “Haya, nionyeshe hicho chumba chako.”

Nikamweka mbele ya skrini. Picha ya kwanza, akaikazia macho. Ya pili, akasogea karibu. Ya tatu akaruka kwenye kiti.

“Huyo! Huyo hapo! Ancízar na koti lake — kwani nyinyi hamna macho?”

Sikutaka kusema. Nikasema.

“Shangazi, huyo ni Duván.”

Akaitazama skrini. Akamtazama Duván. Akairudia skrini, akaigusa kwa kidole, kama anayemfuta mtoto machozi.

Naandika kwenye kaunta. Yeye bado yumo stoo. Duván kapiga magoti mbele yake. Don Fabio kafunga mlango wa duka — Jumamosi, wateja wako nje!

Sasa namsikia shangazi, sauti ndogo kabisa. Anauliza kama yule Luz Dary ana watoto. Wawili, Duván anamjibu.

“Nipe shali yangu.”

Unakwenda wapi, shangazi? Polisi, anasema. Anajifunga mwenyewe, kwa mkono mmoja, inaanguka, anaiokota —