Kumbukumbu za Kikao cha Kamati ya Shule Kuhusu Mlango wa Choo cha Wasichana Unaosubiri Wageni

TAREHE: Ijumaa, 14 Juni. Kiliitishwa saa 7:00 mchana. Kilianza saa 8:10, Mwenyekiti alipofika.
MAHALI: Darasa la nne, kwani ofisi imejaa magodoro ya wageni.
WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, Fundi Seremala (shemeji yake Mwenyekiti), Mama Mpishi, mwakilishi wa wazazi, Katibu, mwalimu wa darasa la sita.
ASIYEHUDHURIA: Muuguzi, kwa udhuru. Aliuliza kwa simu kama mlango umeshafungwa.

KUMB. NA. 1/06: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuwahi.

KUMB. NA. 2/06: UJIO WA WAGENI
Mwenyekiti alieleza kwamba vijana kumi na wanne wa kujitolea kutoka ng'ambo watafika Jumatatu, watakaa wiki mbili na watapaka rangi darasa la kwanza. Fundi alikumbusha kwamba hiyo itakuwa mara ya sita, na madirisha ya darasa hilo hayafungiki tena kwa unene wa rangi. Mwenyekiti alijibu kwamba wageni wanaipenda kazi hiyo.

Mwalimu Mkuu alisema vijana wale wana moyo mzuri na watoto wanawapenda, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kila kundi linaanza upya na wimbo wa kichwa, mabega, magoti. Juzi aliwauliza darasa la nne saba mara nane, nusu yao wakashika magoti. Wajumbe walicheka. Mwalimu Mkuu hakucheka.

KUMB. NA. 3/06: MLANGO
Mama Mpishi aliuliza kwa nini choo cha wasichana hakina mlango tangu Februari. Mwenyekiti alieleza kwamba mlango mpya upo stoo, ila umeachwa makusudi ili wageni wapate kitu cha kufunga na kupigia picha. "Wakikuta kila kitu kiko sawa, watakuja kufanya nini?"

Mama Mpishi alisema, "Mwenyekiti, binti yangu yuko darasa la saba. Akibanwa anarudi nyumbani, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Siku nyingine harudi kabisa. Mtihani ni Septemba. Hizo picha zitamfanyia mtihani?"

Mwenyekiti alimwomba avute subira. Fundi alidai kwamba kazi yenyewe ni ya nusu saa, na kwamba mlango wa zamani wageni waliufunga kwa siku nne, wakipigiana makofi, wakaweka komeo kwa nje. Mwalimu wa darasa la pili alifungiwa humo kipindi kizima kabla haujaanguka.

Mwenyekiti: "Shemeji, wewe una wivu tu."
Fundi: "Wivu wa nini? Wa komeo la nje?"

Katibu aliagizwa asiyaandike maneno hayo. Fundi aliomba ruhusa atoke kidogo. Alitoka na sanduku lake la vifaa.

KUMB. NA. 4/06: MAPOKEZI
Mwenyekiti alipendekeza mabango mawili. Sauti ya nyundo ilisikika. Mwenyekiti alipendekeza matatu, kwa sauti ya juu zaidi. Fundi alirudi akitokwa jasho, akaarifu kwamba amemaliza.

Mwenyekiti aliagiza mlango ung'olewe hadi Jumatatu. Fundi alisema, "Ng'oa mwenyewe." Mwenyekiti alichukua bisibisi akatoka. Wajumbe wote walimfuata.

KUMB. NA. 5/06: UKAGUZI
Mlango ulikutwa umefungwa, komeo likiwa ndani. Mwenyekiti aligonga. Sauti ya msichana ilijibu, "Kuna mtu!"

Mama Mpishi aliitambua sauti ya bintiye. Alicheka, kisha akageukia ukutani akajifuta macho.

Mwenyekiti alisema atasubiri. Mwanafunzi wa darasa la tano aliyekuwa nyuma yake alimsalimu, "Shikamoo, mzee," akamwonyesha kwa heshima mwisho wa foleni ulipo. Wasichana walikuwa wamejipanga hadi kwenye mlingoti wa bendera.

Wajumbe walirudi majumbani saa 10:05. Mwenyekiti alibaki.

MWENYEKITI: amesaini, kwa sharti kwamba bisibisi isitajwe.
KATIBU: amesaini.