Sisimizi wa Koti la Kanisani

Baba Cresensia,

Nimekwenda Buger kumwona mama, nitarudi jioni. Makande yako jikoni. Ule kabla ya kwenda shambani, usije ukaanguka tena. Na hicho kidonda cha mguu kioshe, uvae viatu.

Tangu uambiwe una kisukari unajisifu kwa watu kwamba umeacha sukari. Madukani kwenyewe haipo! Asubuhi nimewafuata sisimizi ukutani hadi mfukoni mwa koti lako la kanisani, nikakuta masega ya asali uliyopewa na rafiki yako Olais.

~~Nimeyatupa.~~ Nimeyapeleka kwa jirani yetu Hyasinta, naye ameapa hatakupa hata ukilia.

Usininunie. Nimezoea kukugombeza wewe, sitaki nibaki naligombeza koti.

Mama Cresensia