Kovu la Kisigino cha Kushoto

Jumanne, mvua tangu asubuhi. Nina wivu, na niliandike hilo kabla sijaanza kujifanya mtu mwema.

Leo mume wangu, Papa Jonas, amefanyiwa fibro, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Muda wote huu tulisema ni vidonda vya tumbo tu, huku anakonda na kutapika. Nimekaa kwenye benchi namwomba Mungu, nani anatokea? Mama Béa, mke wake wa kwanza, waliyeachana zamani. Ametoka Simi-Simi kwa pikipiki, amelowa chapachapa, mkononi liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani. Kwa mtu aliyekatazwa kula! Nilifurahi, sifichi. Nikajiona mimi ndiye mke, mimi ndiye ninayejua masharti.

Daktari akatoka. Akasema ameona madoa meusi tumboni na amekata vipande vidogo vya kupima. Halafu akauliza kama mgonjwa amewahi kutolewa kitu cheusi kwenye ngozi. Mume wangu alikuwa bado amelala kwa dawa. Nikajibu mimi, haraka, tena kwa sauti: hapana, hata siku moja.

Nyuma yangu Mama Béa akasema polepole, "Docteur, iko kwa kisigino, ya kushoto. Walimukata kitu nyeusi, tulikuwa tunaishi Ubundu."

Kisigino cha kushoto.

Kovu lile nimelipaka mafuta kwa mikono yangu miaka yote ya ndoa yetu. Aliniambia alikanyaga msumari kwenye reli. Nikaamini, nikampa na pole.

Daktari akaeleza kwamba kansa ya ngozi ya namna hiyo inaweza kunyamaza miaka mingi, kisha ikaja kuibukia tumboni. Vipimo ndivyo vitasema. Maneno hayo yalitosha kuniangusha pale pale. Lakini kilichoniunguza kwanza hakikuwa hofu. Ni kwamba yule mama anaujua mwili niliodhani ni wangu. Mume wangu huenda anakufa, na mimi nashindana. Moyo gani huu?

Daktari anataka kujua zaidi kuhusu kile walichokata. "Ijumaa mukuje na huyu mama," akaniambia. "Ni yeye njo anajua historia."

Nyumbani nilimuuliza Papa Jonas. Hakubisha. Alisema aliogopa ningekataa kuolewa na mgonjwa. Bon. Ningekataa? Sijui, na kutojua huko kunaniuma pia. Chakula changu amekisukuma wiki nzima, ila ile liboke ameionja, tena mara mbili.

Sasa lazima nimpigie Mama Béa. Namba yake niliifuta mwenyewe kwenye simu ya mume wangu, zamani, kwa wivu huu huu. Ikabidi nimwombe mume wangu. Ameitaja yote, amefumba macho, bila kukosea hata tarakimu moja.

Nimeiandika kwa hasira. Akipona, tutagombana vibaya sana kwa hiyo namba.

Mungu, nipe tu huo ugomvi.