Nilimwambia Mwalimu Baba Hajasoma

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko, hii ni nakala ya tatu na mkono umechoka. Nina miaka kumi na sita, napenda vitabu kuliko watu, si kwa ubaya, ni haya tu. Baba yangu ni fundi wa rangi, na tangu nilipomwekea vitabu vya kusikiliza kwenye simu yake amekuwa akipaka kuta huku anasikiliza, sikio moja kwa kitabu, jingine kwa fundi mwenzake, na jioni tukila ananiambia, "Yule mjane wa kitabuni nilikuja kumwelewa nikiipaka dari rangi ya mkono wa pili," basi tunabishana habari za mjane mpaka mama anasema, "Nyinyi wawili, chakula kinapoa, au huyo mjane ndiye atakayekipasha?"

Sasa siku ya wazazi mwalimu wetu wa fasihi alikuwa ameshika kitabu hichohicho cha mjane, baba akasema kwa furaha, "Hicho nimekisoma chote, mwalimu," na mimi, sijui nilipitiwa na nini, nikasema, "Hajasoma, mwalimu, amesikiliza tu." Wazazi waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Baba naye akacheka, akafuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi.

Wiki ya tatu hii hasikilizi tena. Nikimuuliza anasema, "Vitabu ni vyenu wasomi, mwanangu, mimi niachie brashi yangu." Mezani mjane hatajwi tena. Mshauri, nilisema kweli, macho yake hayakupita juu ya herufi hata moja, mbona basi kweli hiyo inaniuma? Kusikiliza ni kusoma au siyo? Nikijua hilo nitajua kama nimwombe radhi.

Mwenye Haya

Mwanangu Mwenye Haya,

Radhi utaiomba hata kama kusikiliza si kusoma. Kweli ina mahali pake, na mbele ya foleni ya wazazi si mahali pake.

Ila najua hutatulia bila jibu. Wewe unaweza kuandika majina ya wahusika bila kukosea, yeye pengine hawezi, hapo umemshinda. Lakini alimfuata yule mjane tangu mwanzo hadi mwisho, akamwelewa, akakubishia. Kilichobaki ni nini? Na jioni zote hizo hukumwambia hata mara moja, "Ngoja, baba, wewe hujasoma." Ulijua amesoma. Nadhani uliogopa mwalimu angemuuliza swali likamshinda, ukamshusha wewe kabla hajashushwa. Ulikuwa upendo, mwanangu, lakini ulimchoma.

Usimpelekee hoja zangu hizi. Aliyechomwa mwiba hasomewi habari za miba. Wala usimwandikie barua, ingawa najua ndivyo ungependa.

Jumatatu nenda kwa mwalimu, umwambie: "Siku ya wazazi nilikosea. Baba amekisoma kile kitabu, na kuna mambo aliyaona kabla yangu." Utaona haya. Ona haya, lakini sema. Jioni hiyohiyo mwambie baba, mama yako akiwapo, ulichomwambia mwalimu, neno kwa neno, kisha umwombe radhi.

Huenda akajibu tu, "Yamekwisha, kula." Usimbane. Kula. Utakuwa umemrudishia kilicho chake, naye atakichukua siku atakayopenda mwenyewe.